Mpishi Mkuu Asiyetia Chumvi

Saa nne asubuhi, maharage yanatokota katika jiko la shule ya bweni. Mpishi mkuu, mama wa miaka hamsini na sita anayeitwa Jemadari kwa ukali wa sauti yake, anakoroga, kisha anarudi nyuma. Chumvi hatii yeye.

"Haya, onjeni mseme," anawaambia wasaidizi wake. "Na msinionee haya!"

Mwaka jana, nani angethubutu? Wanafunzi walikuwa wakirudisha sahani zimejaa, na mkuu wa shule akaanza kuzungumza na kampuni ya kuleta chakula kutoka nje. Jiko lingefungwa, wote wakose kazi. Jemadari aliwalaumu watoto. Wanadeka, alisema.

Ndipo mwosha vyombo alipofungua mdomo: "Mama, usinikasirikie. Chumvi imezidi. Ni miezi sasa."

"Nilimjia juu," anasimulia Jemadari. "Wewe na masufuria yako, utanifundisha kupika mimi? Nikawageukia wengine wanitetee. Kila mtu anaangalia miguu yake. Kumbe wote wanajua, ila wananiogopa."

Alipokwenda hospitali kupimwa, akaambiwa ulimi wake umepoteza ladha, na huenda isirudi. Alilia njia nzima. Kesho yake akamkabidhi mwosha vyombo kopo la chumvi.

"Alininunia mpaka jioni," anasema mwosha vyombo, akicheka. "Lakini kopo hakuninyang'anya."

Siku hizi sahani zinarudi tupu. Hata hivyo, kampuni ile bado inasubiri jibu, na mkuu wa shule hajui habari ya ulimi. Wasaidizi walimsihi Jemadari anyamaze. Mwosha vyombo peke yake alikataa: "Akija kugundua mwenyewe, tutafukuzwa wote."

Jemadari aliwasikiliza wote hadi mwisho, bila kumkata mtu kauli. Ameamua kusema. Ijumaa anakwenda ofisini.

"Naogopa, sikufichi," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Kazi hii ndiyo maisha yangu. Anaweza kuniondoa palepale. Lakini akinipa nafasi nitamwambia, mkuu, ulimi wangu umekwisha, ila jikoni ninao watu wanaoniambia ukweli. Nakuomba uwabakize hao, hata kama mimi nitaondoka."