Fundi Namba Saba Kwenye Faili la Mkandarasi

Shemeji yangu tulimzika mwezi wa tatu. Mwezi wa sita akaletwa ofisini kwangu kuomba kazi.

Sitanii.

Mimi ni afisa usalama wa kiwanda cha sabuni. Mkandarasi wa nje haingii getini mpaka nipitie faili lake: vyeti vya mafundi, vifaa, rekodi ya ajali. Siku hiyo paa la stoo lilikuwa linavuja na bosi amenisimamia kichwani.

"Gonga mhuri, mama. Mvua haisubiri makaratasi yako."

Nikafungua orodha ya mafundi. Namba saba: mume wa mdogo wangu. Picha yake ileile anatabasamu, cheti cha kufanya kazi mahali pa juu, afya njema, yuko tayari kuanza Jumatatu.

Shemeji alianguka kutoka paa la ghala moja. Mkanda wa usalama aliopewa ulikuwa umechakaa, ukakatika. Alikuwa kibarua wa kuitwa kwa simu, na msibani hakutokea hata mtu mmoja wa kampuni. Hata jina lao hatukulijua.

Nikamwita mkandarasi. Akaingia anachezea funguo za gari.

"Huyu namba saba yuko wapi?"

"Yupo, dada. Fundi mzuri sana huyo."

"Huyo ni shemeji yangu! Kaburi lake nimelitupia mchanga kwa mkono huu!"

Akaziweka funguo mezani.

"Karani amechanganya, dada. Sisi rekodi yetu safi. Barua ya sifa hiyo hapo, ndiyo iliyotupatia kazi kule ghalani."

Nikaichomoa kwenye faili kwa hasira. *Kampuni hii haina rekodi ya ajali. Tunaipendekeza bila wasiwasi.* Tarehe ni ya mwezi wa kwanza.

Sahihi ilikuwa yangu.

Nikakumbuka. Watu wake walipaka rangi tangi letu mwaka jana. Aliniomba barua nikiwa natoka kwenda kula. Sikuuliza swali, sikukagua mkanda hata mmoja. Nilisaini nimesimama, mkoba begani.

Hasira yote niliyokuwa nayo kwake ikanigeukia mimi.

Nilimtimua. Faili nimelipeleka polisi, na barua yangu imo ndani.

Wewe mwenye mhuri, soma. Piga simu kule walikotoka. Vuta mkanda kwa mikono yako mwenyewe.

Mdogo wangu kila siku ananiuliza ni nani aliyewaamini watu wale.

Leo naenda kumjibu.