Milimita Mia Mbili

Siku walipompiga yule kijana, mimi nilikuwa juu ya paa, nimeshika apareyi ya foto, yaani kamera, ya kuazima.

Nilikuwa na miezi minne tu katika kazi hiyo. Kabla yake nilikuwa mshonaji hapa mtaani Katuba, mpaka mgongo ukakataa. Aliyenifundisha kupiga foto ni mzee mmoja mwenye studio ya vyumba viwili karibu na parokia yetu. Alikuwa mwepesi wa hasira. Kila niliposema kwamba lenzi "inavuta" mtu, alinipiga vidoleni kwa kalamu.

"Haivute kintu, mama! Lenzi haina mikono."

Somo la fokale alinifundisha kwa ndoo mbili. Moja aliiweka katikati ya njia, ya pili akaipeleka hatua ishirini nyuma yake. Akanipa apareyi yenye lenzi ndefu ya kuzungusha, imeandikwa namba kuanzia kumi na nane mpaka mia mbili. Hizo ni milimita, akasema, na ndizo fokale. Kwenye kumi na nane niliona njia nzima, kuta za pande zote mbili na mbingu. Kwenye mia mbili niliona kipande chembamba tu, nacho kilijaza foto yote. Kisha akanirudisha nyuma hadi kwenye kona ya avenyu, akaniambia nizungushe tena hadi mia mbili.

"Unaona nini?"

"Ndoo zimegusana, papa."

"Hazigusane! Ni weye njo uko mbali. Muntu akisimama mbali sana, zile hatua makumi mbili zinakuwa kintu kidogo mu macho yake. Fokale kubwa inakata tu kale kapande na kukupatia. Usisahau ile."

Nilisahau.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye sherehe ya ndoa. Nilikuwa nimepanda juu ya paa la nyumba ya ghorofa nipate foto ya wageni uani, niliposikia watu wanapiga kelele za mwizi. Nikageukia barabarani. Kijana mwenye shati jeupe alikuwa anakimbia na kiatu kimoja mguuni. Wengine walisema kapokonya simu. Wengine walikuja kusema baadaye kwamba alikimbia kwa sababu aliona watu wanakimbia. Mbele ya duka la unga mtu alimtega mguu, akaanguka kifudifudi, na watu wakamfunika kama siafu.

Nilipiga foto ya kwanza kwenye kumi na nane, barabara nzima. Kisha nikazungusha hadi mia mbili.

Sasa niliona kila kitu. Ubao wenye misumari ukapanda, ukashuka. Mwanamume mmoja alimkanyaga shingo. Sikio lilikuwa limechanika na kuning'inia. Kila alipojaribu kuinuka kwa viwiko, jiwe lilimrudisha chini, na mdomo wake ulifunguka bila sauti kunifikia. Sikupiga kelele. Sikushuka. Nilibonyeza tu, tena na tena, kwa sababu jicho langu likiwa kwenye apareyi niliona kama mimi sipo pale.

Katika foto moja, nyuma kabisa ya kichwa cha yule kijana, alionekana mwanamume wa ovaroli ya bluu ameinua tofali la saruji juu ya bega. Sikumtazama sana. Nilimtumia dada yangu mdogo foto hiyo kwenye simu: "Ona vile bantu bamekuwa nyama ya pori." Dada yangu akaitia kwenye kundi la kwaya yao. Jumapili jioni ilinirudia kutoka namba nisiyoijua. Uso wa yule wa ovaroli ulikuwa umezungushiwa duara jekundu, na chini yake maneno: "Huyu njo muuaji."

Kijana alikuwa amekwisha kufa hospitalini asubuhi ile.

Jumanne mwanamke nisiyemjua, aliyeelekezwa na watu wa kwaya, alipiga hodi kwangu. Alikuwa na mtoto mgongoni na simu mkononi.

"Ni weye njo ulipiga hii foto?"

"Ni mimi, mama."

"Bwana yangu iko maçon. Alikuwa anajenga ukuta ng'ambo kule, anabeba matofali yake. Jana bandugu ya ule mufu balikuya ku shantiye, pale anajengaka, na vyuma. Balimuvunja mikono yote mbili. Alilala chini, balimupiga mu uso. Jicho moja limepasuka. Alibauliza, 'Mi nilifanya nini?' Balimuonyesha foto yako."

Alinipiga kofi, halafu la pili, kwa nguvu zote. Sikujikinga. Mtoto mgongoni mwake alianza kulia, naye akaondoka.

Nilikimbia kwa mzee wangu. Aliitazama foto ya duara jekundu, kisha akatafuta kwenye apareyi hadi akapata ile ya kwanza, ya barabara nzima. Kati ya kundi la watu na yule mwashi wa ovaroli zilisimama nguzo tatu za umeme.

"Palepale ulisimama, dakika ileile," alisema. "Chapisha zote mbili, kubwa. Uende ku matanga."

"Bataniua, papa."

"Inawezekana," alisema, akawasha mashine.

Nilifika matangani mchana. Wanaume walikaa chini ya turubai. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa na vifundo vya mkono vilivyovimba. Niliposema ni mimi niliyepiga foto, na kwamba mtu waliyempiga hakumgusa ndugu yao, alinikamata koo na kunibana ukutani. Nilisikia masikio yangu yakivuma. Aliing'oa apareyi shingoni mwangu, akaitupa chini na kuikanyaga mpaka lenzi ikasagika.

"Mwache aseme," mama yake alisema kutoka kwenye mkeka.

Nilitandaza foto mbili mbele yake. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: hapa namba ndogo inaonyesha kote, hapa namba kubwa imechukua kipande cha katikati peke yake, na kwa kuwa nilikuwa mbali, wa nyuma anaonekana kama amesimama juu ya wa mbele. Alifuata kwa kidole. Nguzo moja. Nguzo ya pili. Nguzo ya tatu.

"Huyu hakukuwa pale," alisema polepole.

Mwanawe aliinama kuangalia. Kisha alisimama, akapiga ukuta kwa ngumi, mara nyingi, mpaka damu ikachirizika na ndugu zake wakamshika.

Mama alikuwa bado anatazama. Aliweka kidole juu ya mwenye ubao, kisha juu ya aliyekanyaga shingo.

"Na hawa? Nao beko mbali?"

"Hapana, mama. Hawa walikuwa karibu."

"Na weye?"

"Nilikuwa juu ya paa."

Hakunitukana. Alizigeuza zile foto uso chini, akajifunika kitenge kichwani.

Kadi ya apareyi haikuvunjika, na foto zote nilizipeleka polisi. Wawili kati ya waliompiga kijana walikamatwa. Mwenye ubao alikwisha kutoroka, wanasema yuko kwenye migodi ya Kinsevere. Kaka wa marehemu alikamatwa pia kwa kumpiga mwashi, na mama yule akabaki na msiba wa mwana mmoja na kifungo cha mwingine.

Mwashi alipona mikono, ila wa kulia umepinda na hawezi tena kuinua tofali. Anasimamia wajenzi wengine, akigeuza kichwa chote ili aone upande wa kushoto. Nilimwomba msamaha mbele ya mkewe. Yeye alinijibu, "Ni Mungu njo anajua, mama." Tunasali parokia moja, na misani, wakati wa kupeana mkono wa amani, mkewe huniacha na kugeukia watu wa benchi la nyuma.