Kimea Kwenye Mkeka wa Mlokole

Kitinda mimba wangu nilimzaa nikiwa na miaka arobaini na moja, wakati wanawake wa rika langu walikuwa wanapokea ng'ombe wa mahari ya binti zao. Nilishukuru Mungu, na bado nashukuru. Ila mara mbili au tatu nilimwuliza katika sala kama tumbo la mtoto huyu lilikuwa limekamilika kweli kabla hajaletwa.

Alipoacha ziwa, akiwa na mwaka mmoja na nusu, ndipo taabu ilipoanza. Tulikaa Busia upande wa Uganda, kando ya barabara ya Tororo, na tumbo lake lilifanya kazi kama forodha ya pale mpakani. Kila kitu kilisimamishwa, kikakaguliwa, na vingi vikarudishwa vilikotoka. Maharagwe yalirudishwa. Maziwa ya ng'ombe yalirudishwa, tena kwa hasira. Yai lilipita, likatokea upande wa pili kabla sijaosha sahani. Kilichoruhusiwa bila maswali ni uji wa wimbi, ulezi kama wanavyouita wengine, tena mwepesi, mwepesi hadi unaona chini ya kikombe, na uji wa namna hiyo ni maji yaliyosalimiana na unga tu. Mtoto alikunywa, akashiba, akakonda.

Mama mkwe wangu akaja kutoka kijijini kwao Paya kutuona. Yeye ni Mpadhola, mimi ni Msamia, na lugha yetu sisi wawili ilikuwa Kiswahili, ambacho hakuna kati yetu aliyekijua vizuri. Nadhani ndiyo sababu miaka yote hiyo hatukuwahi kugombana mpaka mwisho. Alimnyanyua mtoto kwa makwapa, akampima hewani.

"Hii ni mtoto ama kuku?" akaniuliza.

"Anakula, mama. Ni tumbo tu."

"Kuku yangu inashinda yeye. Mimi napa wewe mpaka wimbi inaisha kuvunwa. Nikirudi, kama mkono yangu haisikii uzito, nakwenda naye Paya. Kule iko maziwa, iko samli, iko mimi."

Hakusema kwa ubaya. Kwao mtoto aliyeachishwa ziwa akawa dhaifu anakwenda kwa bibi, na hakuna anayeona ajabu. Binti yangu wa kwanza alikwenda hivyo hivyo. Alikaa miaka mitatu, akarudi amenenepa, anang'aa mafuta, anaongea lugha ya bibi peke yake, na mimi akaniita "yule mama wa Busia." Leo yeye mwenyewe ni mama, lakini akiumwa kichwa bado anamwita bibi. Huyu wa mwisho sikutaka anipite hivyo. Nilihesabu: wimbi ilikuwa imeshaanza kuchanua.

Wakati ule nilikuwa nasoma masomo ya jioni, katika darasa la shule ya kanisa, sisi watu wazima tumekunja magoti chini ya madawati ya watoto. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma, na sikukosa hata siku moja, hata mvua ikinyesha. Mwalimu wetu alichora ubaoni nyumba ya vyumba vitatu kwa chaki za rangi: chumba cha vyakula vya kujenga mwili, nyekundu, cha kutia nguvu, manjano, cha kukinga magonjwa, kijani. Akasema mtoto ale kutoka kila chumba. Mimi ni mwanafunzi wa kumaliza kazi. Nikachukua sufuria moja, nikatia dagaa wa kusaga, karanga, yai, boga, mchicha na unga wa wimbi, nikampa mtoto Jumapili asubuhi, tukaenda ibada.

Alivumilia mpaka kwenye matangazo. Halafu akarudisha yote kwenye mgongo wa gomesi ya mwenyekiti wa akina mama, aliyeketi benchi la mbele yetu. Gomesi, lile gauni letu refu la heshima, ilikuwa nyeupe. Rangi zote tatu za ubaoni nilizitambua.

Nikampeleka zahanati. Dresa akabonyeza tumbo, akaandika kwenye karatasi, akaniambia, "Mama, mpe chakula chepesi chenye nguvu."

"Kinauzwa wapi?"

Akaita mgonjwa mwingine.

Neno lake lilinikaa kichwani, kwa sababu shida yote ilikuwa pale. Uji mwepesi ulikaa tumboni lakini haukuwa na kitu. Uji mzito ulikuwa na kitu lakini haukukaa.

Siku ya soko nilivuka upande wa Kenya kuuza karanga, mtoto mgongoni. Siku zile forodha ilishughulika na malori; sisi wa miguu kuvuka ilikuwa ni kusalimia watu tu. Jua lilipopanda akaanza kulia ule mlio wa njaa, nikakaa kwenye kibaraza cha nyumba moja nipate kivuli. Nilipoinua macho nikaona mirija imeegemezwa ukutani, mirefu, ya kunywea pombe ya chungu. Nilikuwa nimekaa kwa mama pima, muuza pombe. Nilitaka kuinuka, lakini mlangoni walisimama wajukuu wake wawili, mashavu kama maandazi, nikabaki nawatazama.

"Huyo analia njaa," mama pima akasema.

"Anakula, dada, ila haikai."

"Unampa nini?"

"Uji mwepesi. Mzito anatapika."

"Basi pika mzito."

"Nimesema anatapika."

"Nimesikia, mama, masikio ninayo. Pika mzito, halafu uulainishe."

Akaleta sufuria. Uji ulikuwa umeshikana hadi mwiko unasimama wenyewe. Akaungoja upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha unga wa rangi ya kahawia, akawa anakoroga huku tunaongea habari ya mvua. Kabla mvua hatujaimaliza, uji umeanguka, unatiririka kama maziwa. Hakuongeza hata tone la maji. Nilifikiri ni muujiza. Halafu harufu ikanifikia.

"Hiyo ni kimea."

"Ni kimea."

"Ya pombe."

"Mama, wimbi yenyewe haijui kama inaenda kanisani ama inakuja kwangu. Inangoja mtu wa kuipeleka." Akaurudisha uji motoni, ukachemka, akampozea mtoto kikombe kizima.

Alikunywa wote. Ulikaa. Njia nzima nilikuwa nageuza shingo nimnuse mdomo. Nyumbani nikamsimamisha uani nione kama amelewa. Alipepesuka kushoto, akapepesuka kulia, akakaa chini. Nilianza kutubu papo hapo, mpaka nilipokumbuka kwamba tangu ajue kutembea hakuwahi kutembea vingine.

Mimi ni mlokole, na mlokole hawezi kuonekana kila wiki kwenye kibaraza cha mama pima. Nikaamua kuotesha kimea changu. Kwanza niliomba, nikamwambia Mungu waziwazi ni vijiko vingapi kwa sufuria ipi. Nikaloweka wimbi, nikaifunga kwenye majani ya ndizi, siku ya tatu ikatoa vimizizi vyeupe kama ndevu za mzee. Nikaianika kwenye mkeka mbele ya nyumba, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuficha.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, kimea kikianikwa mbele ya nyumba ni kama kibao cha hoteli. Jioni hiyo hiyo marafiki wa zamani wa mume wangu walianza kupita kutusalimia, watu ambao tangu aokoke hawakumkumbuka. Mmoja alitoka Molo ya Tororo kwa baiskeli, na mrija wake ameufunga kwenye fremu. Alisema anaupeleka kutengenezwa.

"Wanauliza itaiva lini," mume wangu akaniambia.

"Nini?"

"Mimi sijasema kitu. Wanauliza wao."

Lakini mtoto alikula. Wiki ya kwanza uji peke yake. Wiki ya pili nikatia unga wa dagaa, kidogo tu, wa kushika kwa vidole viwili. Haukurudi. Nikatia karanga. Hazikurudi. Kile nilichokosea ni haraka. Vyumba vya mwalimu vilikuwa vyema, ila mtoto hutaka kuingia kimoja kimoja. Vifungo vya shati lake vikaanza kukataa kukutana.

Kimea cha tatu kilikuwa kwenye mkeka walipokuja akina mama wa kanisa. Walikuwa watatu, na aliyetangulia ni mwenyekiti, mwenye ile gomesi.

"Dada, tumekuja kwa upendo," akasema.

Wakija kwa upendo wakiwa watatu, ujue ni kesi. Niliwapa viti, nikawaeleza yote, kuanzia tumbo mpaka kijiko. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho.

"Dada, kila anayepika pombe anasema ni uji wa watoto."

"Mimi ni uji kweli."

"Basi mwagia kuku hiyo kitu. Ama Jumapili usianzishe nyimbo, ukae nyuma."

Kuanzisha nyimbo ilikuwa kazi yangu miaka kumi, na niliipenda kupita kiasi, Mungu anajua. Nikamtazama mtoto, anakula mchanga kando ya mkeka. "Mtafute mtu wa kuanzisha," nikasema. "Nyuma pia nasikia."

Papo hapo nikamwona mama mkwe anaingia uani. Wimbi ilikuwa imevunwa. Begani alikuwa na shuka jipya la kubebea mtoto.

Hakusalimia mtu. Alichutama kwenye mkeka, akatia punje mdomoni, akatafuna.

"Imeota vizuri," akasema. Akawageukia wageni wangu. "Miaka ishirini nangoja. Leo mke ya mtoto yangu imekuwa mtu."

Mwenyekiti alikunja mikono. Shahidi alikuwa amejileta mwenyewe.

Nikaenda jikoni, nikawaletea wote uji. Mama mkwe alionja, akangoja kidogo, akaonja tena. Akanitazama kama mtu aliyealikwa nyama akaletewa kabichi.

"Hii ni uji."

"Ni uji, mama."

"Pombe iko wapi?"

"Hakuna pombe."

"Kimea yote hii, hakuna pombe?"

"Hakuna hata tone."

Akamgeukia mwenyekiti, na huzuni ya kweli usoni. "Mnaona huyu? Anaharibu kimea."

Mwenyekiti alikunjua mikono, akanywa uji wake polepole. Hata ningeleta mawakili, wasingenitetea hivyo.

Lakini mimi sikuwa na furaha bado, maana mama mkwe alikuwa anamwita mtoto. Alimshika makwapa, akamnyanyua kwa ile nguvu ya kunyanyua kuku. Mikono iliishia njiani. Akamweka chini, akatengeneza miguu yake, akainama vizuri, akamnyanyua tena, safari hii kwa mgongo. Mtoto akabeua mbele ya uso wake. Hakikutoka kitu. Alimshika hewani muda mrefu.

"Nani alifundisha wewe?"

"Mama mmoja, ng'ambo ya mpaka."

"Anauza pombe?"

"Anauza."

"Najua. Watu ya kanisa hawawezi kujua hii."

Akamweka mtoto chini, akakunjua lile shuka jipya. Nilifumba macho. Nilipofumbua, shuka lilikuwa chini na yeye anasomba kimea kwa mikono miwili, anakimimina ndani.

"Mtoto inabaki," akasema. "Hii nakwenda nayo Paya."

"Mama, huo ni uji wake wa mwezi."

"Utaotesha ingine. Sasa unajua."

Akina mama wa kanisa waliinuka kumsaidia. Walifunga shuka, mwenyekiti mwenyewe akashika ncha moja, wakamtwika kichwani, kwa furaha kwamba kitu kile kinatoka nyumbani kwangu. Hakuna aliyeuliza kinakwenda Paya kufanya nini, na mimi sikuulizwa. Tulisimama njiani kumsindikiza kwa macho, mtoto kiunoni pangu. Alinilemea mpaka ikabidi nimhamishie upande wa pili, na upande wa pili nao ukachoka.