Boti ya Ukerewe iliyokwenda Bukoba

Jamani, leo nusura niwapeleke abiria wa Ukerewe mpaka Bukoba, na boti yenyewe sijaigusa.

Natengeneza ukurasa wa mtandao wa Mama Kulwa, mwenye boti mbili hapa Mwanza. Ratiba ya Ukerewe ilikuwa tayari. Ya Bukoba inafanana nayo, nikaona nisijichoshe: nikaiambia programu inirudishie ile ya Ukerewe, nikaipa jina jipya, nikabadilisha bandari na saa.

Bahati nzuri laini ya simu ilikuwa inatumika, modemu ikakosa nafasi. La sivyo ningekuwa nimeshaupandisha ukurasa mtandaoni.

Mama Kulwa akaingia ofisini kukagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona boti zangu zote zinakwenda Bukoba?"

Nikaangalia. Kweli, Ukerewe haipo. Nikailaumu kompyuta, kama kawaida yangu.

Nyamizi, tunayekaa naye ofisi moja, akacheka. "Hukurudishiwa nakala. Umerudishiwa ratiba ileile. Ukibadilisha huku, na kule kumebadilika."

Nikaanza kumweleza mama kitaalamu, akanikatiza.

"Yaani una Kulwa peke yake, unamwita Doto, halafu unadhani umepata mapacha?"

Mwenye mapacha wake kasema.

Nikaandika upya ya Ukerewe, nikatoa nakala yake, nikabadilisha hiyo nakala tu. Ukerewe ikarudi mahali pake, na mimi roho ikatulia.

Mama Kulwa akachukua mkoba wake. "Haya, Doto kazaliwa."

Nanyi mnaoandika programu, msinicheke bado. Kahesabuni watoto wenu kwanza, kisha mnijibu.