Siku Mama Mkwe Alipopita Ghalani

Jamani, mimi nimeshindwa ndondi nikiwa nimechuchumaa. Naanza na hilo kabisa ili mcheke mmalize, maana kila nikipita Igamba hata watoto ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa wananiita Bondia Chuchumaa, na kuwagombeza siwezi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilichuchumaa katikati ya ulingo, mbele ya kijiji kizima na mwenyekiti wake, raundi ikiendelea.

Lakini ili mnielewe lazima kwanza niwapeleke Kitwe. Nilivuka mpaka nikiwa kijana, uhuru bado mbichi, nikamfuata mjomba aliyekuwa anafanya kazi mgodini, na kule ndiko nilikoijua ndondi. Wenzangu, kule ndondi ina nyumba yake! Ukumbi wa watu wa mgodi, taa zinaning'inia juu ya ulingo, kamba zimevishwa kitambaa cheupe, viti vimepangwa kama kanisani, na Jumamosi watu wanafunga tai kwenda kutazama wenzao wakipasuana midomo. Ukipiga ngumi safi ukumbi mzima unaguna kwa pamoja, mguno mmoja mzito unaotoka tumboni, halafu kimya. Nilipigana pale mara kadhaa (nilishinda zaidi ya nilivyoshindwa, na shahidi wangu ni mjomba, ambaye kwa bahati mbaya ni marehemu), na hadi leo nikifumba macho nausikia mguno ule, nautamani kuliko chakula.

Dar es Salaam nako nilifika, nikiwa utingo wa lori. Huko ngumi wanazipenda, vijana wa bandarini na maaskari wanazichapa kwenye kumbi za starehe, ila mpira ukichezwa siku hiyo hiyo ulingo unabaki na refa na mbu. Malawi sikufika, ila Mndali mmoja wa mpakani alinisimulia kwamba aliona wakipigana katikati ya uwanja wa mpira, mvua ikanyesha, wote wakakimbilia chini ya paa moja, bondia na bondia, wakasubiri pamoja ikatike. Sasa kwetu Mbozi je? Kwetu ndondi ni ugomvi. Watu wawili wakirushiana ngumi, mtu mwenye akili zake anaingia kuamua, basi.

Nilirudi baba alipofariki, nikashika shamba lake la kahawa pale Hasamba, na baadaye nikamposa Tabita, binti wa Igamba, posa ikapokelewa. Baba yake Tabita alikuwa amekwenda Kitwe binti akiwa bado anatambaa, akamwahidi mkewe kwamba akitulia atamwita, asipomwita atarudi, na ndiyo mpaka leo bado anatulia. Nilipokuwa kule watu wa nyumbani walinituma nimuulizie, huyu akasema kahamia Ndola, yule akasema Kabwe, nikaacha.

Mama yake Tabita sikuujua uso wake, maana kwetu mama mkwe hatazamwi. Mkikutana njiani, wewe mwanaume unatoka njiani, unachuchumaa, unampa mgongo mpaka apite na kupotea. Akiwa na neno na wewe anamwambia mtu wa tatu, na huyo ndiye anakuambia wewe, hata kama mnasikiana vizuri kabisa. Ukivunja hilo, umemvua nguo mama wa watu, na mke ndiyo umsahau.

Basi nikawa nalima, lakini moyo uko Kitwe. Napalilia kahawa huku nakwepa matawi kama ngumi (majirani walidhani nina malaria ya kichwa). Ndipo siku moja Bwana Salumu, mtu wa Tanga mwenye duka na lori pale Tunduma, akaniita pembeni.

"Kuna mzee wa klabu moja ya ndondi ya Kitwe anakuja Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka," akasema. "Anakuja kumtazama kijana wao, Chanda. Ukimpiga Chanda mbele ya macho yake, wewe ndiye unayechukuliwa. Tupiganie uani kwangu. Pana ukuta, pana geti, wataingia watu wa ndondi tu."

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikasema hapana, tupiganie Igamba, kwenye ghala la ushirika. Nilitaka Tabita anione. Nilitaka hao wanaosema ndondi ni ugomvi wanione. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

"Ndugu yangu, ghala la kijiji ni njia ya kila mtu," Salumu akasema.

"Ndiyo hivyo nataka, kila mtu aone."

Jioni nikamwambia Tabita mpango wote: nikishinda naondoka na yule mzee, nikitulia namwita. Alikuwa anapepeta mahindi. Akaendelea kupepeta, akasema, "Haya."

Jumamosi ikafika. Msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha, ghala tupu, milango yote miwili wazi, ule wa barabarani na ule wa upande wa mizani ya kupimia kahawa. Tukasimika nguzo, tukafunga kamba za katani, chini tukatandika magunia juu ya maganda ya kahawa, na kengele yetu ilikuwa rimu la lori la Salumu. Mwenyekiti akahutubia juu ya michezo na kujitegemea mpaka misuli yangu ikapoa. Mzee wa Kitwe alikaa mbele, kofia magotini, anatazama zile kamba za katani kwa huruma.

Raundi ya kwanza nilimpata Chanda puani, damu ikatoka, na papo hapo wazee wawili wa Igamba wakaruka kamba wakaingia kati yetu. "Basi, wanangu, basi! Kwani nyinyi hamna wazazi?" Chanda akabaki mikono hewani, akaniuliza, "Iwe, wewe bwana, kwenu huku ndondi ina wasuluhishi?" Ikabidi refa asimamishe saa na mwenyekiti ahutubie tena.

Raundi ya pili, jamani, hebu niacheni niisimulie polepole, maana ndiyo yangu. Miguu ilikumbuka. Nikipiga napata, nikikwepa nakwepa kweli, Chanda anarudi nyuma anatafuta kona. Nikamwona yule mzee ameinama mbele, na mimi namjua mtu wa ndondi akiinama vile, tayari alikuwa ananipakia kwenye lori. Tabita nikamwona kando ya mlango, mkono mdomoni. Halafu nikapiga moja ya kushoto, na Igamba ikaguna. Wote, kwa pamoja, kutoka tumboni, wale wale waliokuwa wanaamua ugomvi! Machozi yalinitoka palepale ulingoni, sikujali, nikajiona nimefika Kitwe bila kuvuka mpaka.

Mguno ukakatika ghafla. Watu upande wa barabarani wakapasuka katikati, na mama mmoja akaingia, kitenge kimemfunika mpaka machoni, kikapu kichwani, anatembea kana kwamba hakuna mtu mle ndani, anakwenda zake kwenye mizani. Njia ya mizani ilipita ubavuni mwa ulingo, karibu na kamba. Mtu akanong'ona, "Mkweo huyo!"

Sikufikiri. Mwili ulifanya ulichofunzwa. Nikageuka, nikampa mgongo, nikachuchumaa. Ngumi ya Chanda ilikuwa imekwisha kutoka kwake, ikanipitia juu ya sikio, haikuuma hata kidogo. Refa, mtu wa Nakonde, akaona bondia yuko chini, akaanza kuhesabu.

Ningeweza kusimama! Hilo ndilo linaloniua. Nilikuwa mzima, pumzi ninazo, na huyo Chanda alikuwa amechoka anaomba raundi iishe. Lakini nilipochungulia miguu chini ya kamba, mama mkwe alikuwa amesimama. Katua kikapu. Mikono tu naiona, anaitengeneza kata, ile ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani, anaikunja, haijakaa vizuri, anaikunjua, anaikunja upya. Refa anahesabu. Salumu anapiga kelele, "Simama, bwana, simama!" Na mimi nimechuchumaa na kaptula yangu na glovu zangu, namsubiri mama wa watu apite.

Hesabu ikaisha, rimu likagongwa. Mama mkwe akajitwika kikapu, akatokea mlango wa mizani, taratibu.

Kicheko cha siku ile mtakisikia mkienda Igamba, sidhani kama kimekwisha. Salumu alijaribu kumweleza yule mzee wa Kitwe mambo ya wakwe, mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Naelewa, mukwai," akasema, kwa neno la heshima la kwao. "Hata mimi nina mkwe, hata mimi namkimbia. Ndiyo maana kule tukajenga ukumbi wenye mlango." Akavaa kofia yake, akaondoka na Chanda.

Nikamwoa Tabita. Tumepata watoto, tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kahawa inatupa tunachokula. Sijavuka tena mpaka. Lakini msidhani nimesahau. Kengele ya Mbozi Mission ikilia Jumapili mabega yangu yananyanyuka yenyewe na mkono wa kushoto unapanda kulinda kidevu, Tabita ananigusa kiwiko nishushe, watu wanatazama.

Mwaka jana mama mkwe akafariki. Tulipomaliza matanga, Tabita akaniambia jambo alilolibeba miaka yote hiyo.

"Kile kikapu siku ile kilikuwa kitupu," akasema. "Msimu ulikuwa umekwisha, angepeleka kahawa gani? Nilimwambia mama kwamba unakwenda Kitwe, ukitulia utaniita. Jumamosi ile asubuhi akaniomba kikapu."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilimkasirikia marehemu siku nzima, nikatembea shambani nasema peke yangu, nikiuona ule ukumbi, zile taa, jina langu likitangazwa. Nikaapa (na kiapo hiki bado kipo) sitapigana tena ukweni, hata kwa maneno. Jioni nikamwambia Tabita twende kaburini. Tulipofika nikachuchumaa, nikalipa kaburi mgongo, maana hata sasa sijui niufanye nini mwili huu.

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba mimi ningerudi."

Tabita akainama, akang'oa majani madogo yaliyoanza kuota juu ya udongo.

"Mama anasema," akanijibu, "hata baba alisema hivyo."