Siku Tuliyohamisha Jiko la Musonoi

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya kuhama Musonoi, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyotamani sana kusema uongo mdogo. Wewe sasa umepata kazi kwenye shirika la misaada, na umeniambia kazi yenyewe ni kusimamia mabadiliko. Nimefurahi mno. Nami nilianza hivyo hivyo, msichana wa mtaa wa Kapata, binti wa mfanyakazi wa mgodi, nimetoka masomoni na viatu vyangu bado vipya. Basi sogea karibu nikusimulie.

Shirika letu lilikuwa na nyumba katika mtaa wa Musonoi, karibu kabisa na ukingo wa shimo la mgodi. Watoto wa wachimbaji walikuja kusoma asubuhi, na mchana wakala bukari, yaani ugali, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ile sahani ya mchana ndiyo iliyowashika. Mtoto aliyejua kwamba atakula hakwenda mtoni kuosha mawe ya madini. Waliopika walikuwa Mama Kabange na wenzake wawili, tangu nyumba ilipofunguliwa.

Lakini kila walipolipua miamba kule shimoni, kuta zetu zilipasuka kidogo zaidi. Mkuu wetu, Tata Ilunga, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, mkali kidogo na mwenye kupenda kazi iishe, akatafuta nyumba nyingine Kapata, mojawapo ya zile za safu zilizojengwa na kampuni ya mgodi. Mimi nikapewa kupanga kuhama: masomo yaendelee wapi, maji yatoke wapi, watoto wapite njia gani ili wasikutane na malori ya madini. Sharti la Tata Ilunga lilikuwa kwamba watoto wasilale njaa kwa sababu yetu. Nilizunguka kwa wazazi nyumba kwa nyumba, nao wakakubali.

Siku ikafika, na lori likaja. Madawati yakapanda, ubao ukapanda. Zamu ya masufuria ilipofika, Mama Kabange akaigeuza sufuria kubwa kuliko zote, akakaa juu yake. Hakupiga kelele. Wenzake wakasimama nyuma yake wakiwa wamefunga mikono kifuani, na watoto, waliokuwa wakicheza uani, wakaacha mchezo wakaja kutazama.

Nikamwendea nikamuuliza kuna nini. Aliniita mama, ingawa ningeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Ndivyo tunavyoheshimiana huku kwetu.

“Mi sikatale kuhama, mama,” akasema. “Niambie tu: kule Kapata, ni nani atapika? Kama beko na batu yabo, mutuambie sasa.” Alitaka kujua kama kule wana wapishi wao wenyewe.

Nilikuwa nimesikia kwamba wanawake wa Kapata wamemwomba Tata Ilunga awape wao kazi ya jiko, kwa kuwa nyumba inahamia mtaani kwao. Alichowajibu sikukijua. Dereva wa lori alikuwa akilalamika kwamba anasubiriwa kwingine. Jua lilikuwa linapanda, na watoto walikuwa hawajala. Ningemwambia tu, “Mtapika ninyi, mama, panda twende,” angesimama. Alinipenda, angeniamini. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Nikamwangalia usoni nikaona siwezi.

“Sijui, mama,” nikamwambia. “Lakini sufuria hii haitapanda lori kabla sijakuletea jibu.”

Nikamwambia dereva aondoke na alichopakia. Nikawaomba wale mama wawashe moto pale pale, unga ulikuwapo bado, ili watoto wale. Halafu nikapanda pikipiki hadi Kapata.

Nilimkuta Tata Ilunga anapigilia mlango wa jiko jipya, akitazamia lori zima. Nilipomweleza alikasirika, mwanangu, mpaka mafundi wakaacha kazi kutusikiliza. Akasema alinituma nihamishe nyumba, mimi nimemletea maswali. Niliogopa. Nilijua angeweza kunifukuza pale pale, na mshahara wangu ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu. Lakini sikuwa na mahali pa kurudi bila jibu, basi nikabaki nimesimama.

Alipiga misumari miwili mitatu zaidi. Kisha akaweka nyundo chini, akasema, “Twende.”

Tulipofika Musonoi watoto walikuwa wanakula. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko Mama Kabange, akawaambia ukweli wote. Wanawake wa Kapata wameomba kazi, naye aliwaahidi nusu. Jiko litakuwa la zamu, wiki ya hawa na wiki ya wale, na wiki isiyo ya kupika watawasindikiza watoto barabarani, kwa malipo yale yale. Hakuna atakayefukuzwa.

Hawakushangilia. Mmoja wa wenzake Mama Kabange alisema hawezi kushirikiana jikoni na watu asiowajua, akaenda kuuza samaki sokoni, na hatukumlaumu. Mwishoni Mama Kabange akainuka, akaipangusa ile sufuria kwa kitenge chake.

“Sasa nimejua,” akasema. “Kesho tutakwenda na batoto.”

Na kesho yake walikwenda. Nilisimama kwenye kona ya Kapata nikawaona wanakuja kwa miguu, Mama Kabange mbele, watoto nyuma yake wameshikana mikono, wote, hata wale niliodhani tungewapoteza njiani. Wanawake wa Kapata walikuwa wameshachemsha maji. Jiko lile linapika hadi leo.

Tukirudi Kapata siku ile ya sufuria, Tata Ilunga aliniambia neno ambalo sijaliacha. “Nilikasirika kwa sababu jibu sikuwa nimelitoa, na nilijua nilipaswa kulitoa. Siku nyingine ukiniona nimekasirika hivyo, usiondoke.”

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Ukipewa kazi ya kuwatoa watu walikozoea uwapeleke pengine, waeleze unachokijua, na usichokijua kubali hukijui. Usimtulize mtu kwa ahadi isiyo yako. Nenda kwa mwenye jibu, usimame mbele yake hata akunjapo uso, kwa heshima, mpaka aseme. Na yule anayekaa juu ya sufuria usimwone adui. Mara nyingi ndiye anayependa kazi hiyo kuliko wote, na anaogopa kuikosa.

Mungu akupe ulimi mkweli na magoti yasiyolegea. Akupe wakubwa wanaokubali kuulizwa, na siku ukiwa mkubwa, nawe uulizwe ukiwa umekaa chini. Watu wote utakaowahamisha wafike, wakute moto umewaka. Nenda na amani, mwanangu.