Ukurasa wa Injili katika Mtaa wa Dengfeng

Nilikwenda Guangzhou kwa sababu ya picha iliyoingia kwenye simu yangu. Aliyeituma, Mzee Ilunga, ni mfanyabiashara kutoka Kolwezi, Kongo, mwenye duka huko Guangzhou, niliyesali naye Pasaka. Alikuwa amenunua ukurasa wa mafunjo, karatasi ya kale ya matete, wenye maandishi ya Kigiriki, akaambiwa ni Injili ya karne za mwanzo.

"Dada Neema, wewe ulisoma Kigiriki chuo cha theolojia," alisema kwa simu. "Kuja uangalie mbele sijaupeleka kanisani kwetu."

Jumamosi asubuhi nilipanda treni kutoka Changsha, ninakosoma. Njiani niliikuza ile picha. Herufi zilishikana bila nafasi, na jina la Yesu lilifupishwa kwa herufi mbili zenye mstari juu, kama walivyofanya waandishi wa kale. Nikaanza kuamini.

Saa sita mchana Mzee Ilunga alinipokea kituo cha metro cha Xiaobei, tukatembea hadi dukani kwake Dengfeng. Ukurasa aliuhifadhi katikati ya vitenge. Nilisoma polepole: harusi ya Kana, divai imekwisha. Mahali fulani mwandishi aliruka neno "maji", kisha akaliandika kwa herufi ndogo juu ya mstari.

"Alisahau?" Mzee aliuliza.

"Alisahau, akarudi kusahihisha."

Akacheka. "Kumbe alikuwa mtu tu!"

Lakini nyuma hapakuwa na hata herufi moja, na vitabu vya namna hii viliandikwa pande zote mbili. Tukaazima lenzi kwa fundi simu wa jirani. Chini yake, wino uligeuka vinukta vya rangi. Hata matundu ya wadudu yalikuwa yamechapwa.

"Mzee, hii ni nakala ya mashine, imepigwa kutoka ukurasa wa kweli ulioko kwingine."

Alichukua lenzi akaangalia mwenyewe. Wateja wawili waliingia, wakatoka bila kuhudumiwa.

"Bon, sawa," alisema hatimaye. "Na nilishaambia kanisa nzima."

Akampigia mchungaji wake palepale. "Pasta, nilikosea. Si ya zamani. Lakini nitaileta, nitawaeleza dada alichonisomea."

Jioni, treni ikinirudisha Changsha, Mzee aliniandikia: mchungaji anataka kujua yule mwandishi wa kwanza alikuwa nani, na nani alimkalisha chini kuandika.

Miaka minne nilifanyia mitihani lugha ya mtu huyo, nisimwulizie hata siku moja. Nikajibu, "Sijui, Mzee," kisha nikafungua daftari kuanza kutafuta.